Mafuta ya Bangi Yaliyokolea: Pima kwa Miligramu, Si kwa Punje ya Mchele

Barua za safari hii zinahusu mafuta ya bangi yaliyokolea, ule utomvu mzito mweusi au wa kahawia unaouzwa ndani ya bomba dogo la plastiki lisilo na sindano katika nchi zilizoruhusu bangi ya tiba. Wengi walioandika wako Kanada, Marekani na Uingereza. Wachache wako nyumbani Afrika Mashariki, ambako sheria ni nyingine kabisa. Wanaojibu ni wafamasia na wauguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa. Daktari anayemtibu mgonjwa ajulishwe kabla ya dozi ya kwanza.

Swali: Shikamooni. Mama yangu ana miaka 71, na saratani ya titi imefika kwenye mifupa. Daktari wake hapa Edmonton ameidhinisha mafuta ya bangi, na tumeletewa kwa posta bomba la gramu 1 lililoandikwa THC 700 mg/g. Kaka yangu anasema dozi ni nusu ya punje ya mchele, shangazi anasema punje nzima. Mama anakunywa pia morfini. Tufuate la nani? (Binti, Edmonton)

Jibu: Marahaba. Acheni mchele kabisa. Punje moja ina uzito wa miligramu 20 hadi 30 hivi, kutegemea aina, na hakuna mikono miwili inayokamua punje zinazolingana. Kwa mafuta yenye miligramu 700 za THC, kemikali ya bangi inayolevya, katika kila gramu, punje ya uzito huo ni THC miligramu 14 hadi 21 kwa mkupuo mmoja. Mtu mzima ambaye mwili wake haujazoea huanzishwa kwa miligramu 2.5. Mzee aliye dhaifu, au anayetumia dawa nyingine za kuleta usingizi, huanzishwa kwa 1. Kwa hiyo punje ya shangazi ni dozi ya kwanza ya mama mara 14 au zaidi, na nusu punje ya kaka bado ni mara 7.

Bomba lenyewe nalo halisaidii. Mstari mdogo kabisa kwenye bomba la mililita 1 ni 0.01, na kiasi hicho cha mafuta haya kina THC ya miligramu 7 hivi. Huwezi kupima miligramu 1 kutoka kwenye utomvu wa namna hiyo, hata uwe na mkono wa sonara.

Tunachopendekeza kwanza ni kumwomba daktari abadilishe. Wauzaji wenye leseni Kanada huuza pia mafuta mepesi ya chupa yaliyokwisha kuchanganywa, na lebo hutaja miligramu kwa kila mililita. Hayo ndiyo yanayomfaa mama wa umri huu. Kama haiwezekani, zimueni yale mliyonayo, na ikiwezekana mfamasia awe karibu mara ya kwanza.

Tafuteni chupa safi ya kioo cha kahawia ya mililita 100, bomba la kunyweshea dawa la mililita 10, jingine la mililita 1, na mafuta ya zeituni au mafuta ya nazi yasiyoganda yanayouzwa kwa jina la MCT. Pimeni mililita 70 za mafuta hayo kwa bomba la 10, mara saba. Mimineni 20 kati yake kwenye kikombe kidogo cha kioo, kisha mkiketishe kikombe ndani ya sufuria ya maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, nyuzi 60 hivi, yasiyochemka. Kamulieni humo mafuta mazito yote. Bomba halitoki lote kwa mkamuo mmoja. Vuteni mafuta ya moto ndani yake, sukumeni nje, mrudie mara tatu, maana kinachobaki kwenye kuta za bomba chaweza kuwa dozi nyingi za mama. Korogeni dakika tano hadi kumi mpaka nyuzi nyeusi zitoweke chini ya kikombe. Mimineni kwenye chupa, suuzeni kikombe kwa zile mililita 50 zilizobaki, fungeni na mtikise vizuri. Sasa mna THC miligramu 700 ndani ya mililita 70. Mililita 1 ni miligramu 10, na 0.1 kwenye bomba dogo ni miligramu 1.

Andikeni yote hayo kwenye chupa, pamoja na tarehe na jina la mama. Chupa itikiswe kila mara kabla ya kuvuta dozi, kwa sababu ikikaa wiki kuna kinachoweza kutuama, na atakayekunywa mwisho wa chupa atapata kali kuliko aliyekunywa mwanzo. Msitie kwenye chai. Mafuta hayachanganyiki na maji: yataelea, yatashika ukingo wa kikombe, na hamtajua mama amekunywa kiasi gani. Mpeni kwa bomba moja kwa moja mdomoni, au juu ya kipande cha mkate.

Aanze na miligramu 1 jioni, baada ya chakula chenye mafuta kidogo, na chakula cha jioni kisibadilike sana, kwa kuwa mafuta ya chakula huongeza kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu. Akila ugali mkavu leo na pilau kesho, dozi ileile itafanya kazi tofauti. Mwaka 2021 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali lilichapisha mwongozo wa maumivu sugu. Kwa wagonjwa dhaifu ulishauri kuanza na CBD, kemikali ya bangi isiyolevya, kisha THC ya miligramu 1, na kuongeza miligramu 1 kila baada ya siku 7. Kwa wengine ni kuanza na 2.5 na kuongeza 2.5 kila baada ya siku 2 hadi 7. Kikomo kwa wote ni miligramu 40 kwa siku, na wengi hawafiki huko. Maumivu yakipungua na mama akalala vizuri kwa miligramu 4, basi 4 ndiyo dozi yake. Hakuna sababu ya kupanda.

Morfini msiipunguze wenyewe. Dawa hizi mbili zote huleta usingizi na zote humfanya mtu ayumbe, kwa hiyo wiki ya kwanza, na kila mnapoongeza, mtu alale chumba kimoja naye. Akiamka usiku aketi ukingoni mwa kitanda dakika mbili kabla ya kusimama. THC hushusha presha mtu anaponyanyuka, na akianguka, mfupa wenye saratani huvunjika kirahisi. Kwenye daftari andikeni saa, miligramu, alichokula, maumivu kwa alama 0 hadi 10, na kizunguzungu. Daktari atahitaji daftari hilo kuliko maelezo ya mdomo.

Swali: Nina saratani ya utumbo mpana. Nimeona ratiba ya Rick Simpson ya gramu 60 kwa siku 90, na wanaoisimulia wanasema walipona. Daktari anataka nianze tibakemikali mwezi ujao. Naweza kuiahirisha nimalize kwanza hizo siku 90? (Kaka, Leeds)

Jibu: Tafadhali usiiahirishe, kaka. Miezi mitatu ni mingi kwa saratani ya utumbo iliyo katika hatua ya kutibika.

Rick Simpson ni Mkanada aliyeeneza mafuta haya tangu miaka ya mwanzo ya 2000 akisema yalimponya saratani ya ngozi. Hakuna jaribio la kitabibu kwa binadamu lililothibitisha kwamba mafuta ya bangi huponya saratani. Seli za saratani ndani ya kisahani cha maabara hufa kwa THC, kama zinavyokufa kwa vitu vingi ambavyo mwilini havifanyi kazi hiyo. Mwongozo wa mwaka 2024 wa chama cha madaktari wa saratani Marekani, ASCO, unashauri bangi isitumike kuitibu saratani yenyewe nje ya jaribio la kitabibu. Huko Uingereza kwako lipo jaribio la ARISTOCRAT kwa saratani ya ubongo, na hata humo dawa ya bangi hutolewa pamoja na tibakemikali. Hakuna anayeambiwa aache tiba.

Sasa tazama hesabu. Ratiba hiyo hukupandisha hadi gramu 1 kwa siku. Kwa mafuta ya asilimia 70 hiyo ni THC miligramu 700 kila siku, zaidi ya mara 17 ya kile kikomo cha 40. Wanaojaribu hulala mchana kutwa, hawali, hawanywi maji ya kutosha na presha inashuka. Mtu anafika kwenye tiba halisi akiwa amekonda, na wakati mwingine tiba inapunguzwa kwa sababu ya udhaifu huo.

Palipo na ushahidi ni kwenye kichefuchefu. Kama dawa za kawaida za kuzuia kutapika zimeshindwa wakati wa tibakemikali, ASCO wanakubali dronabinoli na nabiloni, ambazo ni dawa za kiwandani za jamii ya THC, au mafuta yenye THC na CBD sawa kwa sawa. Kwenu Uingereza madaktari bingwa wanaruhusiwa kuandika dawa za bangi tangu Novemba 2018. Bomba linalouzwa mtandaoni bila cheti si dawa hiyo, na linaweza kuwa na kitu chochote ndani.

Neno moja kwa walio na uvimbe au vidonda vya ngozi, hasa ndugu zetu wenye ualbino: kupaka mafuta haya juu ya kidonda kisichopona hakuondoi saratani. Saratani nyingi za ngozi hutibika kwa upasuaji mdogo zikiwahiwa. Kila mwezi wa kupaka ni mwezi wa uvimbe kuchimba ndani.

Swali: Baba yangu alikunywa dozi yake, dakika 45 zikapita hajasikia kitu, akaongeza. Baadaye moyo ukamwenda mbio, akatetemeka na kusema anakufa. Tulikaa naye mpaka asubuhi. Tungefanya nini? (Msomaji, Minneapolis)

Jibu: Mlivyokaa naye mlifanya vema. Kilichomkuta baba ni kosa la kawaida kuliko yote katika matumizi ya mafuta haya, na sababu yake iko tumboni. Mafuta ya kumeza huanza kufanya kazi kati ya nusu saa na saa 2, hufika kileleni saa 2 hadi 4, na huendelea saa 6 hadi 8, mara nyingine zaidi. Ini nalo huigeuza THC kuwa kitu kingine, 11-hidroksi-THC, kinachoingia kwenye ubongo kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuvuta hudanganyika akimeza. Dozi ya pili ya baba ilikuwa njiani wakati ya kwanza inapanda.

Kanuni ni dozi moja, halafu kusubiri. Asiongeze siku hiyohiyo wakati bado anatafuta kiwango chake.

Likitokea tena, mlazeni mahali tulivu, taa ndogo, mtu mmoja anayemwamini abaki naye na amwambie kwamba hali hii itapita ndani ya saa kadhaa. Apewe maji kidogo kidogo. Msimtapishe. Msimpe pombe wala kidonge cha usingizi. Akisinzia, alale ubavu. Kutafuna pilipili manga au kunywa ndimu hakujathibitishwa, hakudhuru, lakini kusiwacheleweshe.

Pigeni 911, namba ya dharura, bila kusita akiwa na maumivu ya kifua, akizimia, akipumua kwa shida, akipata degedege, akiona au kusikia visivyokuwepo, au ikiwa haamki mkimtikisa. Kwa ushauri wa sumu Marekani namba ni 1-800-222-1222, usiku na mchana, na mkalimani huombwa. Kanada ni 1-844-764-7669. Waambieni miligramu, saa aliyokunywa na dawa nyingine anazotumia.

Swali: Natumia warfarin baada ya kubadilishiwa kizibo (vali) cha moyo. Mke wangu ananipa mafuta ya bangi kwa ajili ya miguu inayowaka moto usiku. Yanagongana? (Mzee, Toronto)

Jibu: Shikamoo mzee. Yanagongana, na ni mgongano mbaya. THC na CBD hupunguza kasi ya vimeng'enya vya ini vinavyoivunja warfarin, hivyo warfarin hujaa mwilini na INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, hupanda. Dalili ni fizi kutoka damu, michubuko isiyo na sababu, choo cheusi. Leo hii ijulishe kliniki inayokupima damu. INR ipimwe ndani ya wiki moja tangu ulipoanza na kila unapobadilisha kiwango, hata unapoacha, kwa kuwa ukiacha ghafla INR hushuka na damu inaweza kuganda kwenye kizibo. Na mkeo asiongeze kiasi kwa siri, hata kwa nia njema.

Kwa wengine waliouliza kuhusu dawa zao: tacrolimus ya waliopandikizwa figo hupanda damuni ikikutana na CBD. Klarithromaisini na dawa za fangasi kama ketoconazole huipandisha THC. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huamsha vimeng'enya, na dozi iliyokuwa inatosha huonekana imekuwa maji. Hatari yake huja mwishoni. Mgonjwa huongeza bangi wakati wa tiba ya TB, anamaliza rifampisini, ini linarudi hali yake ndani ya wiki mbili hivi, na dozi ileile inamwangusha. Vidonge vya usingizi, pombe na dawa za maumivu za jamii ya morfini huongeza usingizi na kuyumba.

Wapo wasiofaa kutumia THC kabisa: aliyewahi kuugua akili kwa kuchanganyikiwa, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua hivyo, mwenye moyo usiotulia au aliyepata shambulio la moyo karibuni, mjamzito na anayenyonyesha.

Swali: Ninaendesha lori na nina leseni ya CDL. Ohio imenipa kadi ya bangi ya tiba kwa ajili ya mgongo. Niko salama kazini? Naomba pia uraia mwakani. (Dereva, Columbus)

Jibu: Hapana kwa yote mawili, ndugu yetu. Madereva wa CDL, leseni ya magari makubwa ya biashara, wako chini ya kanuni za Wizara ya Uchukuzi ya shirikisho, nazo hazikubali kadi ya jimbo kuwa sababu ya THC kuonekana kwenye mkojo. Hata ukisema ulitumia CBD tu, hawakubali. Kwa anayetumia kila siku, mabaki ya THC hubaki kwenye mkojo kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kusema hukuendesha siku hiyo hakukuokoi.

Upande wa uraia, sera ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, ya Aprili 2019 inasema kushughulika na bangi kinyume cha sheria ya shirikisho kunaweza kumzuia mtu kuthibitisha mwenendo mwema, hata kama jimbo limeruhusu. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujanunua tena, na kabla hujajaza fomu yoyote au kujibu swali la afisa kuhusu bangi. Usidanganye. Uongo kwenye fomu ni kosa jingine, na zito zaidi. Kwa mgongo, daktari ana njia nyingine zisizogusa leseni yako.

Kwa madereva wa magari ya kawaida: usiendeshe kabisa siku unazoongeza dozi, na siku nyingine subiri saa 8 au zaidi baada ya kumeza. Ukiwa bado mzito kichwani, usubiri mpaka kesho.

Swali: Mwanangu ana miaka mitatu na kilo 14, anapata kifafa mara nyingi kwa siku. Rafiki yangu wa Marekani anasema mafuta ya bangi yalimsaidia mtoto wa jirani, na anaweza kunitumia bomba. (Mama, Mombasa)

Jibu: Pole sana, mama. Tunaelewa kwa nini unatafuta kila mlango, na huu tunakuomba usiufungue.

Kilichowasaidia watoto katika majaribio ni CBD safi iliyotengenezwa kiwandani, ambayo Marekani iliidhinishwa Juni 2018 kwa jina la Epidiolex, kwa aina za kifafa za Lennox-Gastaut na Dravet, na 2020 kwa ugonjwa wa tuberous sclerosis. Ina miligramu 100 za CBD kwa mililita. Mtoto wa kilo 14 huanzishwa kwa miligramu 2.5 kwa kilo mara mbili kwa siku, yaani miligramu 35, ambazo ni mililita 0.35 asubuhi na jioni, na baada ya wiki hupanda hadi 0.7. Ini hupimwa kabla ya kuanza, halafu baada ya mwezi 1, 3 na 6, na kwa uangalifu zaidi akiwa anatumia dawa ya kifafa ya valproate. Akitumia ile ya clobazam, usingizi huzidi.

Bomba la rafiki yako ni kitu kingine. Mililita 0.35 za mafuta mazito ya asilimia 70 zina THC ya miligramu 245 hivi. Kwa mtoto wa miaka mitatu hicho ni kiasi cha kumpoteza fahamu na kumzuia kupumua. Hata mafuta yanayoandikwa CBD hayaaminiki yakiuzwa ovyo: utafiti uliochapishwa 2017 ulipima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni Marekani, na ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa. Ndani ya 18 ilipatikana THC. Isitoshe, kupokea kifurushi hicho Kenya ni kosa la jinai.

Mwone daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ya watoto ukiwa na video ya simu ya shambulio lenyewe na daftari la siku 14. Muulize kama dozi ya sasa inalingana na kilo zake za leo, kwani watoto hukua na dozi ikabaki ya mwaka jana. Na dawa anayotumia usiisimamishe ghafla hata siku moja: kufanya hivyo huleta degedege lisilokatika.

Swali: Baba yuko Mwanza, saratani ya tezi dume imesambaa. Nimtumie mafuta haya kutoka huku Ulaya, au nimletee kwenye begi Desemba? (Mwana, Rotterdam)

Jibu: Usitume na usibebe. Tanzania inahesabu mafuta ya bangi kuwa dawa za kulevya chini ya sheria ya mwaka 2015, na kadi ya daktari wa Uholanzi haina nguvu uwanjani. Ukipitia viwanja vya Ghuba unaongeza nchi nyingine yenye sheria kali. Atakayekamatwa na kifurushi anaweza kuwa baba mwenyewe.

Maumivu ya baba yana dawa halali na yenye ushahidi mkubwa kuliko bangi, nayo ni morfini ya maji. Familia nyingi huiogopa zikidhani ni dawa ya kukata roho. Si hivyo. Hunywewa kila saa 4, huongezwa taratibu, na mgonjwa anaweza kuitumia miezi mingi akizungumza na kula na wajukuu. Apewe pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwani kufunga choo ndiko kunakowafanya wengi waiache. Mpelekeni kliniki ya saratani Bugando, mkaulize wazi kuhusu tiba shufaa. Nauli utakayotuma kwa ajili hiyo itamfaa zaidi. Maumivu ya mfupa mmoja yakizidi, uliza pia kuhusu mionzi ya kutuliza: mara nyingi kikao kimoja tu hupunguza.

Swali: Naweza kutengeneza mwenyewe jikoni kwa spiriti? Maua ni rahisi kupata hapa Kanada. (Msomaji, Calgary)

Jibu: Usijaribu. Mvuke wa spiriti, nafta na butane ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye cheche ya jiko au friji, na nyumba hulipuka. Walioungua hivyo huungua uso na mikono. Sheria ya bangi ya Kanada imekataza mtu binafsi kutumia viyeyushi vya aina hii. Na hata ukinusurika, hutajua mabaki ya kiyeyushi yaliyobaki wala miligramu zilizomo, na bila miligramu huna dozi.

Unaponunua, omba cheti cha maabara chenye namba ya toleo ileile iliyo kwenye bomba, kinachoonyesha viyeyushi, viuatilifu, metali nzito na sumu za ukungu. Kikitaja THCA, yaani THC kabla ya kupashwa moto, izidishe kwa 0.877 kisha ujumlishe na THC, utapata jumla baada ya kupashwa moto. Kwa mafuta ya kumeza kama yalivyo, angalia namba ya THC yenyewe.

Swali: Nimetumia mwaka mzima. Sasa natapika asubuhi, tumbo linauma, na ni maji ya moto bafuni tu yanayonituliza. Niongeze dozi? (Dada, Portland)

Jibu: Acha, dada, usiongeze. Hayo maji ya moto ndiyo yanayotufanya tushuku ugonjwa wa kutapika unaoletwa na bangi yenyewe kwa wanaoitumia muda mrefu. Dawa za kawaida za kichefuchefu mara nyingi hazisaidii. Nenda hospitali wakupime maji na chumvi za mwili, uwaambie ukweli kuhusu mafuta. Hupona kwa kuacha kabisa, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukirudia, nao hurudi.

Swali: Bomba limekuwa gumu kama lami, halisukumiki. Nilitie kwenye maikrowevu? Pia tuna wajukuu wawili nyumbani. (Bibi, Ottawa)

Jibu: Shikamoo bibi. Si maikrowevu: plastiki hulainika, na mafuta huchemka sehemu moja yakarukia mkono. Lifunge bomba ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uliweke kwenye bakuli la maji ya vuguvugu dakika tano, kisha usukume polepole. Ukisukuma kwa nguvu likiwa gumu, litafyatuka na kutoa dozi ya wiki nzima kwa mara moja. Na kamwe lisiwekewe sindano. Mafuta haya yakiingia kwenye mshipa huua.

Kwa wajukuu, tumia kisanduku cha kufuli juu ya kabati, si friji wanayofungua kutafuta juisi. Mahali pa baridi na giza panatosha, kwa sababu mwanga na hewa huigeuza THC polepole kuwa kemikali nyingine, CBN, na dawa hupoteza nguvu. Ukidondosha, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, halafu sabuni, maana maji peke yake huyasambaza. Mtoto akilamba hata kidogo, usisubiri dalili: piga namba ya sumu tuliyoitaja, na akiwa amesinzia au anayumba, piga 911. Waambie ni mafuta ya bangi. Yanayobaki baada ya mgonjwa kuacha changanya na majani ya chai yaliyotumika, funga ndani ya mfuko, tupa, na ufute jina lake kwenye chupa.